Mashine Isiyo na Shangazi

Mjukuu wangu Jeska ameniletea daftari na kalamu mbili. Anasema yeye na wenzake chuoni wanatafiti akili mnemba yenye maadili, ya kuusaidia umma, na mwalimu wao amewatuma watafute wazee waliowahi kufanya kazi na mashine za namna hiyo. Nikamwuliza, "Ile isiyo na maadili mmeshaimaliza?" Akacheka, akaenda zake, akaacha kalamu.

Basi ninyi wenzake Jeska, kaeni nami kidogo. Nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu, maana mwalimu Gervasi alihamishwa na wa kuziba nafasi yake hakuja mpaka nikaolewa. Nikikosea herufi mnisamehe. Nikikosea jina la mtu msinisamehe, kwa sababu majina sikosei.

Nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Si nesi, si daktari. Ni yule mama mwenye sanduku la bati na mizani ya kuning'iniza watoto kwenye boriti, anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anahara. Kijiji chetu kiko njia ya Kasanda. Leo mnaambiwa ni Kakonko, lakini miaka ile ya tisini kote huko tuliita Kibondo, na mgonjwa akizidiwa alipelekwa Kibondo hospitali: kwa gari kama lipo, kwa baiskeli kama halipo, kwa machela kama mvua imekula barabara.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Leokadia, nesi mkunga, Mhaya wa Bukoba aliyeletwa na serikali akasahaulika huku kwetu miaka kumi na minne. Alikuwa na sauti ya chini, na hakuharakishwa na mtu hata mtoto akiwa ametanguliza miguu. Siku ya kwanza alinichukua kwenda kwa mzee mmoja aliyevimba goti. Tukafika, nikasalimia, mzee akasema hajambo kabisa, nikageuka kuondoka. Mama Leokadia akanishika kanga.

"Anastazia, unakwenda wapi?"

"Si amesema hajambo?"

"Mgonjwa husalimiwa mara mbili," akaniambia. "Mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa kweli. Ukiondoka baada ya ile ya kwanza, umekuja kutembea tu."

Mgeni ndiye aliyekuja kunifundisha ya kwetu. Maana sisi Waha, kama mnavyojua ninyi mliolelewa na bibi, kusalimiana ni kazi nzima. Unainama, unapiga makofi taratibu, unasema mwakeye, unauliza nyumba, unauliza watoto, unauliza wakwe, mvua, maharage, na kila kitu kinajibiwa amahoro, ni amani. Mtu anaweza kuwa amevunjika mguu, ameukunja chini ya kanga, akakujibu amahoro mara tisa. Huwezi kumtupia mgeni mguu wako kabla hajakaa. Mpaka salamu ziishe, mpewe kigoda, mnyamaze kidogo, ndipo atatazama pembeni aseme, "Ila huu mguu." Kazi yangu yote ilikuwa kuisubiri hiyo ila.

Sasa habari ya gari.

Kulikuwa na mradi, sitautaja jina, uliotoa gari moja lenye viti sita vya wagonjwa. Kila Alhamisi lilipita kijijini kubeba wagonjwa kwenda Kibondo. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko viti, kwa hiyo lazima mtu achague. Tulichagua mimi na mwenyekiti wa kijiji, Bwana Filemoni. Na niwaambie ukweli, tulichagua vibaya. Yeye alipakia ndugu zake, mimi wangu. Shangazi yangu Veronika alipanda gari lile mara nne kwa jino moja. Alhamisi ni siku ya soko Kibondo, na jino la shangazi lilikuwa likiuma siku hiyo tu.

Watu wakanung'unika, manung'uniko yakafika kwa wakubwa wa mradi, na wakubwa hawakutuuliza kitu. Walileta mashine.

Aliyekuja nayo ni Shabani, kijana wa Tanga, mwenye adabu, ambaye hakuwahi kukutana na baridi ya milima yetu. Mwezi wa sita alivaa makoti mawili na bado aliandika akitetemeka. Mashine yake ilikuwa kioo cheusi chenye herufi za kijani, ikawekwa kwenye ghala la zamani la ushirika lililokuwa bado linanuka tumbaku. Nje jenereta linanguruma, ndani kuna kichapishi kinacholia kama panzi mia wameshikwa shingo. Watu wakaiita Daktari wa Kioo.

Mkutano wa kijiji ukaitwa. Shabani akasimama akatueleza kwamba sisi wahudumu tutajaza fomu kila nyumba, yeye ataziingiza, na mashine itasema nani apande gari, nani aende zahanati, nani abaki nyumbani. Ndani yake, akasema, kuna maarifa ya madaktari kumi waliohojiwa na profesa mmoja ng'ambo.

Mzee Kagoma, fundi wa mizinga ya nyuki, akainua fimbo. "Kati ya hao kumi, yuko aliyewahi kufika Kasanda?"

"Hapana, mzee."

"Basi ni wageni kumi."

"Ndiyo, mzee. Lakini mashine haipendelei," Shabani akasema. "Haina ndugu, haina rafiki. Mashine haina shangazi."

Alisema hivyo kwa wema tu, hakuwa akijua habari zetu. Mkutano mzima ukageuka ukanitazama. Shangazi Veronika alikuwa amekaa nyuma yangu, akashika shavu.

"Na haya majibu yetu?" Mzee Kagoma akauliza tena. "Yataishia wapi?"

"Yatapelekwa ng'ambo, mzee, yasaidie watu wengi zaidi."

"Sisi tutabaki na nini?"

"Mtabaki na gari."

"Gari tulikuwa nalo."

Watu wakacheka, na tukaweka dole gumba kwenye karatasi. Ndivyo tulivyokubali. Jeska anasema siku hizi kukubali kwa namna hiyo hakutoshi, lazima mtu aelezwe mpaka aelewe. Nilimwambia kwamba Mzee Kagoma alielewa vizuri sana, ila hakuna aliyemjibu.

Fomu yenyewe ilikuwa na maswali ishirini na mawili. Yale ishirini na moja yalikuwa mazuri, hata leo ningeyauliza. Tatizo lilikuwa la kwanza: Hali ya mgonjwa ikoje? Visanduku viwili, Hajambo na Mgonjwa. Na chini yake: Kama hajambo, ruka hadi sahihi.

Mnaona mtego ulipowekwa. Mnauona kwa sababu nimeanza na Mama Leokadia na goti la mzee. Mimi sikuuona, na Mama Leokadia nilimjua. Alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao Bukoba, na mradi ulikuwa na utaratibu mpya: dakika tano kila kaya, jibu la kwanza ndilo linaloandikwa, mhudumu asiongeze maneno yake. Nikapita nyumba kwa nyumba. Mwakeye, mwakeye, hamjambo, hatujambo, ruka hadi sahihi. Nyumba nzima inaisha kabla kuku hajatoka njiani. Nilikuwa mwepesi kuliko wahudumu wote wa kata, wakanipa mwavuli wa zawadi mbele za watu. Niliufungua palepale ingawa jua lilikuwa linawaka.

Katika wiki chache mashine ikagundua kwamba kijiji chetu ndicho chenye afya kuliko vyote vya ukanda ule. Profesa alifurahi, akaandika kutoka ng'ambo akiuliza tunakula nini.

Lakini watu si wajinga. Bwana Filemoni, ambaye alinyang'anywa kalamu ya kuchagua, alikaa wiki mbili akilinganisha nani kajibu nini na nani kapewa gari, mpaka akaifahamu mashine kuliko Shabani. Akaanza kuwafundisha watu wake kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. "Swali la kwanza sema mgonjwa, usione haya. La nane sema siku tatu, si mbili. La kumi na tatu sema mkojo una damu. Hapo umepanda." Basi ukatokea ugonjwa wa ajabu, unaowashika wauza ndizi peke yao, unaanza Jumatatu fomu zinapojazwa na kupona Alhamisi saa tano gari likifika sokoni. Wakubwa waliandikiana barua kuhusu ugonjwa huo.

Mzee Kagoma naye alifanya utafiti wake. Alimwomba mhudumu wa kitongoji cha pili ajaze fomu ya mtu mmoja wa kwake, umri miaka miwili, hajaanza kuzungumza, anakohoa, amekataa ugali. Jumatano ikatoka karatasi: Gari, haraka. Alhamisi akaja kituoni na mbuzi. Festo, dereva, mtu wa Ujiji mwenye miwani myeusi, aliikagua karatasi pande zote mbili. Jina lilikuwepo. Alikuwa karibu kumfungulia mlango.

Shabani alipoambiwa hakucheka. Alitoa daftari lake la rangi ya kahawia akaandika: mashine haijui kusema sijui. Akaniambia, "Mama Joasi, mtu akiulizwa asilolijua hukuna kichwa. Hii haina kichwa cha kukuna. Inajibu tu." Joasi ni mwanangu wa kwanza, baba yake Jeska. Nakumbuka niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mpaka hapo mngeweza kucheka tu mkaenda kulala. Sasa nawaeleza habari ya Domitila.

Domitila alikuja kutoka Burundi wakati wa vita, na mtoto mmoja, Nestori, wa miaka sita. Hakwenda kambini kama wengine. Alikuwa na ndugu wa mama yake kwetu, wakampa kipande cha shamba la muhogo na kibanda, akalima kimya. Kitu alichoogopa kuliko nyoka ni karatasi. Kwao, aliniambia baadaye, watu waliandikwa majina, kisha walioandikwa wakafuatwa. Mtu mwenye karatasi akija mlangoni, Domitila hakuwa na shida yoyote duniani.

Jumatatu moja nikafika kwake na karatasi zangu, na mwavuli.

"Mwakeye, Domitila."

"Mwakeye, Mama."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mama."

Nestori alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mafiga, kafungwa kitambaa kichwani. Nilimwita, hakugeuka. Nikasikia harufu. Wale mliouguza mnaijua, harufu ya usaha uliokaa. Lakini fomu haikuwa na kisanduku cha harufu. Nikaweka alama penye Hajambo, nikaruka hadi sahihi, nikaandika Anastazia kwa herufi kubwa kama nilivyozoea.

Domitila akanisindikiza mpaka kwenye ukingo wa muhogo. Pale akatazama pembeni. "Ila, Mama..."

"Nitarudi," nikamwambia. "Nina kaya nane bado."

Hayo ni maneno yangu mimi, hakuna mashine iliyoyasema.

Jumatano karatasi zikatoka. Nestori, miaka sita: abaki nyumbani. Nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaiweka juu ya dari. Wiki hiyo alikuwa amepanga kumbeba mtoto mgongoni kwenda zahanati, mwendo wa saa tatu. Hakwenda tena. Serikali imesema abaki, akambakisha.

Wiki nzima ikapita. Jumatatu iliyofuata zamu yangu ilikuwa vitongoji vya ng'ambo ya mto. Alhamisi asubuhi nilikuwa napita kwake kwa haraka kwenda kituoni kuhakiki orodha, nikamwona Domitila amekaa nje na mtoto mapajani. Hakunisalimia. Katika maisha yangu huku hakuna mtu aliyewahi kunitazama bila kunisalimia, isipokuwa siku ile. Nikafungua kitambaa. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa pamevimba kama yai, sikio limesukumwa mbele, shingo imekaza, macho yamefumba. Maji ya kijiko yalitoka pembeni ya mdomo.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku, Mama," akasema. "Karatasi ilisema abaki."

Nikamwambia ambebe aende kituoni, anisubiri penye gari. Mimi nikakimbia ghalani. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, na mara ya mwisho kukimbia ilikuwa kuwakimbia nyuki wa Mzee Kagoma.

Shabani alikuwa anakunywa chai.

"Mwulize tena," nikamwambia.

"Nani, Mama Joasi?"

"Huyo wako. Mwulize habari ya Nestori wa Domitila."

Akaona uso wangu, akaweka kikombe. Akawasha jenereta, herufi za kijani zikatokea. Swali la kwanza akalisoma. "Hali ya mgonjwa ikoje?"

"Mgonjwa."

Mashine ikaendelea kuuliza. Homa? Ipo. Siku ngapi? Zaidi ya wiki. Anakunywa? Hapana. Uvimbe? Nyuma ya sikio. Haikufika hata swali la kumi. Ikaandika: Gari, haraka. Nawaambia ili muitendee haki na yenyewe: wale madaktari kumi walikuwa wanajua kazi yao. Hakuna aliyewafikisha kwa mtoto.

Shabani akafungua faili akatoa fomu ya wiki iliyopita. "Nani aliandika hajambo?"

"Aliniambia hajambo."

"Na wewe uliona nini?"

"Hapakuwa na mahali pa kuandika nilichoona."

Hakunigombeza. Aliweka tu kidole juu ya sahihi yangu.

"Mwandike kwenye orodha," nikasema.

"Orodha imefungwa jana, Mama. Ndiyo masharti. Nikiingiza mtu kwa mkono, wiki hii haihesabiki tena kwenye utafiti. Profesa anaweza kuitupa kazi yote, mradi ufungwe, gari liondoke."

"Na mtoto?"

"Ndiyo nafikiri hapa."

"Fikiri haraka kama mashine yako. Shabani mwanangu, hii kazi ni ya kumsaidia nani?"

"Umma."

"Umma wenyewe yuko kituoni, mgongoni kwa mama yake, anatoka usaha."

Akachukua kalamu. Chini ya majina sita yaliyochapishwa akaandika la saba kwa mkono, akaweka sahihi. Kisha akafungua daftari lake la kahawia akaandika na humo, saa na sababu. "Nikificha," akaniambia, "atakayekuja baada yangu atalirudia kosa hili hili akidhani ni uvumbuzi."

Kituoni gari lilikuwa limeshajaa na injini inanguruma. Nikampa Festo karatasi. Akavua miwani, akasoma.

"Hili limeandikwa kwa kalamu."

"Na Shabani mwenyewe."

"Mama, mimi nabeba majina ya mashine. Nikianza kubeba ya kalamu leo, kesho nitabeba harusi. Halafu viti ni sita. Nani ashuke?"

Nikachungulia ndani. Wanawake wawili wajawazito waliovimba miguu. Mzee Yohana mwenye ngiri. Rozalia aliyeungua mkono. Kijana wa kifafa, Adriani. Na Skolastika, dada yake mwenyekiti Filemoni, mwenye afya ya ng'ombe wa maziwa, mikungu mitatu ya ndizi chini ya kiti, na karatasi mkononi: mkojo una damu, siku tatu.

Ningemwambia ashuke, angenionyesha karatasi, na karatasi yake ilikuwa halali kuliko yangu. Shabani alikuwa amefika nyuma yangu anahema. Domitila alisimama pembeni, anatazama mlango wa gari kama mtu anayetazama nyumba ya watu wengine.

Skolastika alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Basi nikainama mbele ya mlango kama inavyompasa mdogo, nikapiga makofi taratibu, nikaanza.

"Mwakeye, dada Skola."

"Mwakeye, Anastazia."

"Nyumbani amahoro?"

"Amahoro."

"Shemeji amahoro? Watoto?"

"Ni amahoro."

"Maharage?"

"Amahoro, mdogo wangu."

"Kichwa amahoro?"

"Amahoro."

"Kifua?"

"Amahoro." Hapo alianza kunitazama vizuri, lakini mdomo ulikuwa umeshashika njia.

"Tumbo amahoro?"

"Amahoro."

"Na mkojo, dada, amahoro?"

Gari zima likanigeukia. Hata Festo alipunguza injini. Skolastika alijua, na kila Mha mle ndani alijua, kwamba ukisalimiwa unaitika. Akisema hapana, amevunja salamu mbele ya watu na itabidi aueleze mkojo wake mbele ya Mzee Yohana, ambaye ni mkwe wake. Akinyamaza, amenitukana mimi niliyeinama. Nikasubiri, mikono imefumbatana.

"Amahoro," akasema, kama mtu anayemeza mfupa.

Mzee Yohana alicheka mpaka akashika ngiri. "Asante Mungu, mkwe umepona."

Skolastika akashuka mwenyewe. Ila alisema ndizi haziteremki, kwa kuwa kiti kilikuwa chake kwa halali, na Festo baada ya kufikiri akaona hiyo ni haki. Akafuta jina la Skolastika, akaacha mikungu. Domitila akapanda, miguu juu ya ndizi, mtoto mapajani. Gari likaondoka.

Walikaa Kibondo wiki tano. Nestori alipasuliwa nyuma ya sikio, akachomwa sindano, akarudi anatembea. Nilikwenda kwao siku waliyofika. Sikubeba fomu. Nilisalimia zote, za barabara, za mvua, za ndugu, nikapewa kigoda nikakaa, nikanyamaza mpaka chungu cha maharage kikaanza kuchemka. Domitila akatazama pembeni.

"Ila sikio la kushoto, Mama, halisikii tena. Daktari amesema angefika wiki ile ya kwanza, lingepona."

Akanipakulia maharage, nikala.

Shabani aliibadilisha fomu. Tulikaa naye ghalani siku tatu, mimi nikisema, yeye akiandika. Sasa ilianza na maswali matatu ya salamu, na mhudumu alikatazwa kuandika majibu yake. La nne ndilo lililoandikwa. Ile "ruka hadi sahihi" ikafutwa. Mwisho pakawekwa mstari mtupu: Mhudumu ameona nini? Na mashine ikafundishwa jibu jipya: Sijui, mwoneni mgonjwa. Profesa aliandika kutoka ng'ambo akiuliza kwa nini mashine inapoteza karatasi kwa maswali matatu ambayo majibu yake yanatupwa. Shabani akamjibu kwamba ni ya kufungulia mlango. Sijui kama alielewa, lakini hakuyafuta.

Filemoni ilimchukua miezi miwili kuisoma mashine mpya, na ule mstari mtupu ulimshinda kabisa, kwa sababu ulihitaji mtu mwenye macho na mimi sikunywa rubisi yake. Sisemi niligeuka malaika. Shangazi Veronika alikuja mara moja na jino. Nikaandika: Nimeona jino, si baya. Hakuongea nami mpaka Pasaka.

Baada ya miaka kikaja kitabu cha utafiti, chenye jalada linalong'aa. Humo ndani, Shabani alinisomea, imeandikwa kwamba mashine ilijifunza yenyewe mila za wenyeji. Kuna picha yangu nimeshika mizani, na chini yake: mwanakijiji. Wakubwa walikuwa wamemtaka Shabani aondoe kurasa za makosa, akakataa, wakaziweka mwisho kwa herufi za sisimizi. Hapo palikuwa na habari ya Nestori: mhudumu mmoja alijaza fomu bila uchunguzi.

"Mhudumu mmoja ndiye nani?" nikamwuliza.

"Utafiti hauandiki majina, Mama Joasi. Ni kukulinda."

"Mtoto hakulindwa. Nipe hicho kitabu."

Nikachukua kalamu yake nikaandika pembeni, kwa herufi kubwa, Anastazia. Kitabu hicho ninacho. Vingine vyote vilivyobaki duniani vina mhudumu mmoja.

Kwa hiyo ninyi, mtakapotengeneza hizo zenu, na zikakosea, maana zitakosea, msije mkaniandikia kwamba mashine ilikosea. Tafuteni aliyeuliza, aliyeruka, aliyekuwa na kaya nane bado. Mwandikeni jina. Akiwa ni wewe, jiandike.

Nestori sasa ni seremala Kasulu, ana mke, Evelina, na watoto wanne. Amepata uraia, Domitila pia, na karatasi zao zimewekwa kwenye fremu aliyoichonga mwenyewe. Karakana ina kelele za randa na misumeno, na wateja wengine humwona ana kiburi, wanamsemesha haitiki. Mimi nikienda Kasulu hupita kwake. Namzunguka kwanza mpaka upande wa kulia, ndipo namsalimia.